Jiwe Lenye Pumzi

Paukwa! Mmeitika? Haya. Leo sina sungura wala fisi. Nina jiwe jeupe lenye vitundu vitundu, la aina ile mnayoiona kwenye kuta kuukuu za Kipini. Jiwe hili lina pumzi ndani yake. Sisemi uchawi, nasema hewa hasa, ya jinsi ileile inayotoka puani mwenu mkiwa mmekaa hapo. Tukijua hewa hiyo iliingiaje na hutokaje, tutaelewa kwa nini wataalamu wa dunia nzima wanaumwa kichwa juu ya saruji, na kwa nini jambo hilo linamhusu mtoto wa Chara, huku delta ya Mto Tana.

Tuanze baharini. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, maji ya bahari ya pwani yetu yalikuwa juu kuliko leo. Matumbawe yalikuwa kazini, na matumbawe, msidanganywe na umbo lake, ni wanyama. Wao pamoja na konokono, kome na chaza waliokota kaboni iliyoyeyuka majini, wakaiunganisha na kalisi, wakajitengenezea maganda na nyumba. Wakafa, bahari ikashuka, nyumba zao zikashikana mpaka zikawa mwamba. Mwamba huo ndio unaochimbwa leo Mombasa na Kilifi.

Chara hatuna mwamba huo. Sisi tumekaa juu ya tope. Mto Tana umelibeba kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mwendo wa kilomita 1,000 hivi, ukalitandaza huku kabla ya kuingia Ghuba ya Ungwana. Ndiyo maana mpunga na miembe hustawi, na ndiyo maana ukichimba shimo Chara hupati hata jiwe la kumpiga nalo kunguru. Anayetaka jiwe, sharti alisafirishe. Shikeni hilo, maana nusu ya hadithi inatokana nalo.

Sasa tulichome jiwe letu. Likifikia joto la nyuzi 900 hivi, kaboni iliyofungwa ndani hutoka ikiwa hewa ukaa. Hesabu yake haina ubishi: kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 44 za hewa na kubakiza kilo 56 za chokaa. Karibu nusu ya jiwe imeruka angani, na bado hatujauhesabu moshi wa kuni.

Wazee wa pwani waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Walipanga magogo, juu yake wakarundika vipande vya matumbawe, wakatia moto. Moto ulipozima, pale palibaki rundo jeupe. Wakalimwagia maji, na hapo ndipo mtoto wa zamani alipofukuzwa asogee mbali, kwa sababu chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, hutoa mvuke na huchoma macho. Baadaye iliachwa ilale muda, kisha ikachanganywa na mchanga kuungia mawe.

Hapo ndipo jambo la ajabu linapoanza. Ukuta uliojengwa kwa chokaa huanza kuivuta ile hewa iliyotoka. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, chokaa hunyonya hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Kilo 44 zilizoruka zinaweza kurudi zote, ijapokuwa ukuta mnene utachukua miongo mingi kuimaliza kazi. Mwalimu wenu wa sayansi anaweza kuwaonyesha jambo hili kwa urahisi. Aweke chokaa iliyozimwa ndani ya maji, aiache itulie, achukue maji maangavu ya juu. Kisha mtu avae miwani na apulize kwa mrija, apulize tu, asivute. Maji yataanza kuwa meupe. Weupe ule ni jiwe la chokaa, changa kabisa, lililozaliwa kwa pumzi ya mtoto wa darasa la saba.

Mkitaka kuona kazi kubwa ya chokaa, nendeni Ungwana, karibu na Kipini. Ni mji wa Waswahili uliokaliwa tangu karne ya 10 hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman aliuchimba miaka ya 1950 akaandika kitabu juu yake. Misikiti yake imebomoka mapaa, lakini kuta za matumbawe na chokaa bado zimesimama, zimesongwa na mizizi. Si mbali na hapo wenyeji wa Kipini huonyesha kaburi wanalosema ni la shujaa Fumo Liyongo. Hadithi ya Liyongo ni ndefu. Tukiianza, saruji itatushinda leo.

Ila nisiwadanganye kwamba wazee walikuwa na njia safi isiyo na doa. Moshi wa magogo haukurudi ukutani. Ungerudi tu kama miti mingine ingepandwa mahali pa ile iliyokatwa, na tanuri la chokaa lina tumbo kubwa. Halafu chokaa ni mvivu: huganda polepole, na ikizamishwa majini kabla ya kukomaa haigandi kabisa. Mjenzi wa leo mwenye haraka ataikimbia.

Ndiyo sababu saruji ilishinda. Mwaka 1824 fundi mwashi wa mji wa Leeds, Uingereza, aliyeitwa Joseph Aspdin, alisajili unga alioupata kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na mfinyanzi. Akauita Portland, akitaka watu waamini kwamba ukiganda unafanana na jiwe zuri la kisiwa cha Portland huko kwao. Siku hizi mchanganyiko huo huchomwa hadi nyuzi 1,450. Hutoka ukiwa vidonge vyeusi vinavyoitwa klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo. Unga huo hauogopi maji. Unagandia majini, tena unaganda upesi.

Kwetu pwani kiwanda cha Bamburi kilianza kuutengeneza mwaka 1954, kikila mwamba uleule wa matumbawe tuliouzungumzia. Shimo lililoachwa na machimbo lilikuwa jangwa jeupe lisiloota hata magugu. Mwaka 1971 René Haller alipewa kazi ya kulifufua. Alijaribu miti mingi, mvinje ukakubali. Majani ya mvinje hayakuoza, basi akaleta majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa mboji. Leo ni msitu. Na ni humo alimoletwa yule kiboko mchanga aitwaye Owen, aliyeokolewa Malindi mwezi wa Desemba 2004, wakati wa tsunami, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee. Nyinyi mnaowakimbia viboko mashambani mnaweza kucheka kwamba kuna kiboko aliyelala amemwegemea kobe, lakini picha zake zilizunguka dunia nzima.

Msitu huo ni kazi njema. Hata hivyo shimo likishapandwa miti, bado ile hewa iko angani. Kutengeneza tani moja ya klinka hutoa takriban kilo 800 hadi 900 za hewa ukaa, na zaidi ya nusu yake hutoka ndani ya jiwe lenyewe, wala si kwenye moto. Hata ukiwasha tanuri kwa nguvu za jua, jiwe litaendelea kupumua. Ukijumlisha saruji yote ya dunia, unapata kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Nusu hivi ya saruji hiyo hutengenezwa China.

Mtaniuliza: Chara tuna nyumba ngapi za zege, babu, hata tuambiwe tupunguze? Swali zuri, na nitalijibu waziwazi. Sisi hatukuichafua anga kwa hewa ukaa, hiyo inayoongeza joto la dunia na kuzidisha mvua kubwa. Lakini mafuriko yaliyokuja mwaka 1997, yakaja tena 2018, na 2023, na 2024, hayakuuliza nani aliichafua. Mnajua wenyewe yalivyo: barabara ya Garsen kwenda Lamu inakatika pale Gamba, mitumbwi inakuwa ndiyo matatu, na nyumba ya kukandika, ile ya fito na udongo, inalainika kuanzia chini, inainama, inaketi. Mtu akija kuwaambia watu wa delta wasiguse saruji, huyo hajawahi kulala siku nne kwenye kichuguu na mbuzi wake. Kinachotakiwa ni saruji iende panapostahili, na isiende pasipostahili.

Inapostahili ni chini. Tafuteni ukuta wa shule au msikiti au kanisa wenye alama ya mafuriko, ule mstari wa kahawia. Pimeni kutoka ardhini. Msingi na kuta hadi juu ya mstari huo zinahitaji kitu kisichoyeyuka: zege, au mawe yaliyoungwa kwa saruji. Juu ya mstari, ukuta kazi yake ni kubeba paa na kuzuia jua, na kwa kazi hiyo udongo unatosha kabisa ukilindwa na upenu mrefu. Nimeona nyumba nyingi zilizofanya kinyume: msingi mwembamba umefichwa ardhini, halafu ukutani juu plasta nene ya saruji iliyonyooshwa vizuri ili wapita njia waisifu.

Sasa twendeni mahali pa ujenzi. Mkifika, salimuni kwanza, "Shikamoo fundi," kisha ombeni ruhusa ya kusoma mfuko. Hakuna fundi wa kuwanyima. Mfuko wa kilo 50 una maandishi madogo ambayo watu wazima huyapita. Ukiona CEM I, humo karibu yote ni klinka. Ukiona CEM II au CEM IV na herufi P pembeni, sehemu ya klinka imeondolewa, na mahali pake pametiwa jivu la volkano linaloitwa pozolana. Kenya tumejaliwa jivu hilo kutokana na volkano za Bonde la Ufa; halikuchomwa na mtu, lilichomwa na mlima. Kwa hiyo mfuko wa namba 32.5 wenye pozolana huwa na hewa ukaa kidogo kuliko wa 42.5 wa CEM I. Mafundi wengine huudharau wakisema ni dhaifu. Namba hizo ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28, na kwa kujengea ukuta na kupiga plasta nguvu ya 32.5 inatosha. Nguzo za ghorofa ni habari nyingine, hizo aulizwe mhandisi.

Kisha tazameni maji. Hapa ndipo saruji nyingi inapopotea. Vijana wa kukoroga huchoka, wakaongeza maji ili beleshi liteleze, mpaka zege likatiririka kama uji. Maji yaliyozidi hayana kazi. Yakikauka huacha vitundu, na zege lenye vitundu huvunjika. Mwenye nyumba akiliona limekuwa dhaifu, mara ya pili anaongeza saruji, kumbe dawa ilikuwa kupunguza maji. Dawa nyingine ni kulimwagilia likishaganda, siku 7 mfululizo, na kulifunika na magunia. Watu huona ni kazi ya kitoto. Basi ifanyeni nyinyi watoto.

Na yawe maji baridi. Huku chini, Ozi hasa, mnajua bahari hupanda mtoni wakati wa kiangazi na visima vikawa na chumvi. Chumvi hiyo ikiingia ndani ya zege hula nondo, nondo hupata kutu na kuvimba, zege likapasuka na kubanduka vipande. Nyumba iliyojengwa upya baada ya miaka 15 imekula saruji mara mbili, na imetoa hewa mara mbili.

Sasa nije kwenye mpunga, ambao kwa maoni yangu ndio siri tuliyoikalia. Delta hii imelima mpunga tangu mababu, na hata ule mradi mkubwa wa umwagiliaji uliovunjwa na mafuriko ya El Niño, hayo ya 1997, ulikuwa wa mpunga. Mpunga ukishakobolewa, maganda hutupwa au huchomwa ovyo kando ya mashine. Shikeni kalamu. Kilo 1,000 za mpunga hutoa kilo 200 hivi za maganda. Yakichomwa, maganda hayo hubakiza kilo 40 hivi za jivu, na jivu hilo karibu lote ni silika, kitu kilekile kinacholifanya jivu la volkano liwe na maana. Likisagwa vizuri laweza kuchukua nafasi ya saruji, sehemu 1 au 2 kati ya 10, na zege likawa gumu na lisilopitisha chumvi kirahisi.

Kuna sharti. Moto usizidi nyuzi 700 hivi. Ukizidi, silika hujipanga upya ndani kwa ndani, ikawa fuwele zisizotaka kuungana na chokaa tena, na vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa hiyo jivu mlilolichota jalalani halifai kutiwa kwenye zege la nyumba ya mtu. Panahitajika tanuri lenye kipimo cha joto, mashine ya kusaga, na barakoa kwa kila anayesaga. Hayo si mambo makubwa kwa chama cha ushirika au chuo cha ufundi. Ni makubwa kwa mtu mmoja mwenye karai.

Huko duniani kuna njia nyingine inayosifiwa sana. Profesa Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, akishirikiana na wataalamu wa Kuba na India, alitengeneza saruji ambayo nusu yake tu ni klinka. Nyingine ni mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 800 hivi, jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, na jasi kidogo. Mfinyanzi ukichomwa hutoa maji, hautoi hewa ukaa, hivyo hewa yote hupungua kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Najua mmeshaangalia miguu yenu iliyojaa tope mkawaza utajiri. Subirini. Mfinyanzi unaofaa sharti uwe na madini ya kaolini kwa kiasi cha asilimia 40 au zaidi, na hilo hupimwa maabara, halijulikani kwa kuonja.

Nisiwasahau wenye nyumba nyepesi kuliko zote. Mama wa Kiorma hujenga nyumba ya duara kwa fito zilizopindwa na mikeka, na wakihamisha ng'ombe, nyumba nayo inahama. Nyumba hiyo haikuchoma jiwe hata moja, na mafuriko yakitangazwa inafungwa na kuondoka, jambo ambalo ghorofa haliwezi. Makuti nayo ni baridi kuliko mabati saa nane mchana, ila cheche moja inatosha kuyamaliza, na baada ya miaka michache huezekwa upya. Kuhusu boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya Waswahili wa kale viwe vyembamba, chini ya mita 3, nawaomba mwende polepole. Mkoko uliosimama kwenye tope lake unafungia kaboni nyingi kuliko boriti ndani ya nyumba, na unapunguza nguvu ya mawimbi ya bahari.

Basi mtoto wa Chara aanze wapi? Aanze na chupa. Chukueni chupa angavu ya mdomo mpana, tieni udongo hadi theluthi, jazeni maji na chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, iacheni hadi kesho. Udongo utajipanga wenyewe: mchanga chini, katikati tope laini, mfinyanzi juu. Kwa tofali la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambalo halichomwi wala haliui mti, mchanga uzidi nusu na mfinyanzi uwe kama sehemu 1 kati ya 5. Udongo mweusi wa mbugani utawaonyesha mfinyanzi mwingi mno. Huo huvimba masika na kupasuka kiangazi. Uchanganyeni na mchanga wa mtoni, au badala ya saruji tieni chokaa, kwa sababu chokaa hupatana na mfinyanzi mwingi kuliko saruji inavyopatana nao.

Tofali la kilo 10 lenye asilimia 5 ya saruji limebeba nusu kilo tu, kwa hiyo mfuko mmoja unatoa matofali 100. Yapangeni kivulini, yafunikeni, yamwagilieni siku 7, kisha yaacheni yatimize 28. Siku hiyo chukueni moja, litumbukizeni ndani ya pipa la maji ya mto usiku kucha. Asubuhi litoeni na kulipapasa. Likiwa limepoteza kona, ongezeni saruji hadi asilimia 8 na mwanze upya na matofali machache. Likiwa na kona zake zote, mwiteni fundi.